Anton Wilhelm Amo: aliyepewa mtaa kabla ya kusomwa

Mnamo Agosti 2025, baada ya mvutano wa miaka mitano uliofika hadi mahakamani, mtaa mmoja wa katikati ya Berlin ulioitwa Mohrenstraße tangu mwanzoni mwa karne ya 18 ulipewa jina jipya: Anton-Wilhelm-Amo-Straße, kwa heshima ya mwanafalsafa Mwafrika wa karne ya 18. Neno Mohr ni la kale katika Kijerumani. Lilimaanisha mtu mweusi, hasa watumishi weusi waliowekwa katika kasri za watawala kama sehemu ya mapambo ya nyumba. Kwa Watanzania mabadiliko ya namna hii si habari ya mbali, kwa kuwa mwaka 2021 mtaa mwingine wa Berlin uliobeba jina la Wissmann, yule aliyetumwa kuuzima upinzani wa Abushiri katika pwani yetu, ulipewa jina la mwanasiasa wetu Lucy Lameck.

Lakini Lucy Lameck tunamjua. Amo je? Katika mazungumzo yaliyofuata habari za mtaa huo, nimesikia akiitwa mtumwa aliyegeuka profesa, mwanaharakati wa kwanza wa haki za watu weusi Ulaya, mwanafunzi wa Leibniz, mwanafalsafa mkubwa wa Ujerumani, na baba wa falsafa ya Kiafrika. Kila moja ya sifa hizo ina punje ya ukweli iliyofunikwa na makapi mengi, na jambo ambalo sikulisikia hata mara moja ni lile ambalo yeye mwenyewe aliliandika na kulitetea mbele ya maprofesa wa zama zake. Mtu huyu amepata sanamu, tuzo na mtaa. Hoja yake imeachwa mlangoni.

Tuanze na maneno. Wanahistoria wanapozungumzia falsafa ya mwanzo wa zama za kisasa, wanakusudia takriban miaka ya 1600 hadi 1800, kipindi ambacho wasomi wa Ulaya walikuwa wakijiuliza upya maswali ya msingi kwa sababu sayansi mpya ilikuwa imeyatikisa majibu ya zamani. Swali mojawapo lilikuwa hili: ikiwa mwili ni kama mtambo wa mifupa, misuli na mishipa, basi ile sehemu yetu inayofikiri ni kitu gani, na inaunganaje na mtambo huo? Tasnifu ya enzi hizo haikuwa kitabu kinene kama ilivyo leo, bali kijitabu cha kurasa chache chenye madai yaliyopangwa kwa nambari, ambacho mhusika alikitetea hadharani kwa Kilatini katika mdahalo, chini ya usimamizi wa mwalimu, huku wapinzani wakitafuta ufa wa kupenyeza hoja zao. Amo aliishi kwa midahalo hiyo.

Alizaliwa karibu mwaka 1703 katika eneo la Axim, kwenye pwani ya nchi tuiitayo leo Ghana, miongoni mwa Wanzema. Akiwa mtoto mdogo alichukuliwa kwa meli ya Kampuni ya Kiholanzi ya India Magharibi hadi Amsterdam, na kutoka huko akatolewa kama zawadi kwa mtawala Anton Ulrich wa Braunschweig-Wolfenbüttel. Alibatizwa katika kanisa la kasri la Salzdahlum na kupewa majina ya mtawala huyo na ya mwanawe, August Wilhelm. Jina la Amo likabaki mwishoni, na alilishika mpaka mwisho wa maisha yake. Kama aliibwa, alinunuliwa, au alipelekwa ili akasomee uchungaji, nyaraka zilizobaki hazisemi, na anayekueleza kwa uhakika anajaza pengo kwa matamanio yake. Leibniz alikuwa mkutubi wa Wolfenbüttel hadi alipofariki mwaka 1716, kwa hiyo mtoto na mzee huyo walikuwa chini ya dari moja ya kisiasa, ila kutoka hapo hadi kusema kwamba mmoja alimfundisha mwingine kuna safari ndefu isiyo na hata waraka mmoja wa kuithibitisha.

Juni 1727 alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Halle kusoma sheria. Mnamo Novemba 1729, chini ya usimamizi wa Johann Peter von Ludewig, mkuu wa chuo hicho, alifanya mdahalo wake wa kwanza uliohusu haki za Wamoor katika Ulaya, yaani haki za watu weusi. Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia. Watu hutaja kitabu cha Amo kuhusu haki za weusi kana kwamba unaweza kwenda maktaba ukakiazima. Kitabu hicho hatunacho. Tulichonacho ni taarifa fupi ya gazeti moja la kila wiki la mjini Halle, iliyochapishwa mwishoni mwa mwezi huohuo, inayoeleza kwamba mtoa hoja alionyesha kutoka katika vitabu na historia jinsi wafalme wa Wamoor walivyokuwa zamani chini ya kaizari wa Roma na kupokea kutoka kwake hati za kifalme, hati ambazo hata kaizari Justinian aliendelea kuzitoa. Na kwamba baada ya hapo alichunguza ni kwa kiasi gani uhuru au utumwa wa Wamoor walionunuliwa na Wakristo uliafikiana na sheria zilizokuwa zikitumika.

Hoja hiyo ni ya mwanasheria, na ni kali kuliko inavyoonekana kwa haraka. Haisemi kwamba utumwa ni ukatili, ingawa kila mmoja aliyekuwa ukumbini angeweza kuliona hilo. Inasema: ninyi mnaodai kuwa warithi wa sheria ya Roma, itazameni sheria hiyo inavyowataja hawa mnaowanunua. Ni sawa na mtu anayedaiwa kiwanja ambaye, badala ya kulia mbele ya baraza la ardhi, anatoa hati ya babu yake yenye muhuri wa serikali ileile inayomfukuza. Lakini haya ninayoyasema yamejengwa juu ya aya moja ya gazeti, na msomaji mwangalifu asiyabebeshe mzigo kuliko yanavyoweza kubeba.

Kilichobaki mikononi mwetu ni kitu tofauti kabisa. Mwaka 1730 Amo alihamia Wittenberg, ambako Oktoba ya mwaka huohuo alipata shahada ya falsafa, na Aprili 1734 akatetea tasnifu yenye jina De humanae mentis apatheia, yaani juu ya kutosikia kwa akili ya mwanadamu. Kwenye jalada jina lake limefuatiwa na neno Guinea-Afer, Mwafrika wa Guinea. Mwezi uliofuata alisimamia mdahalo wa mwanafunzi wake, Johannes Theodosius Meiner, kuhusu mada iliyo jirani, na mwaka 1738, akiwa amerudi Halle, akachapisha risala ndefu juu ya sanaa ya kufanya falsafa kwa kiasi na kwa usahihi. Kazi hizo tatu ndizo Amo tunayeweza kumsoma, na hakuna hata moja inayohusu rangi.

Kiswahili kinatupa hapa msaada ambao lugha nyingi hazina. Mswahili husikia sauti, lakini husikia pia njaa, baridi, maumivu, na hata harufu ya samaki wa kukaanga kutoka kwa jirani. Kitenzi hicho kimoja kinakusanya karibu yote ambayo Amo alikuwa akiyazungumzia. Swali lake basi laweza kuulizwa kwa maneno ya nyumbani kabisa: unapokanyaga mwiba, ni nani anayesikia maumivu? Ni mguu, au ni yule wewe wa ndani unayefikiri, ambaye baadhi yetu tungemwita nafsi na hapa nitamwita akili? Descartes, Mfaransa aliyetawala mjadala huo kwa karibu karne nzima, alikuwa amesema kwamba akili si mwili, na papo hapo akasema kwamba akili, kwa kuwa imeunganishwa na mwili, inaweza kutenda na kutendwa pamoja nao. Amo alijibu: haiwezekani. Akili haisikii chochote. Uwezo wenyewe wa kusikia haumo ndani yake. Kusikia ni kwa mwili, na ni kwa mwili ulio hai tu.

Neno apatheia limewapotosha wengi, kwa sababu Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki na Roma ya kale, walilitumia kwa utulivu wa mtu aliyezishinda hisia zake, na kwa sababu limezaa katika lugha za Ulaya neno la kutojali. Amo hakusudii kutojali, wala fadhila inayopatikana kwa mazoezi. Kwake kutosikia ndivyo akili ilivyo, kama vile kutokuwa na rangi ndivyo nambari saba ilivyo. Hata neno letu la ganzi lisingefaa, kwa kuwa ganzi huupata mwili ambao kwa kawaida unasikia.

Anathibitishaje? Kwa mnyororo ambao ukiukubali pete yake ya kwanza, unakuvuta hadi mwisho. Kila kisikiacho kina uhai. Kila chenye uhai hutegemea lishe. Kila kitegemeacho lishe hukua. Kila kikuacho mwishowe huharibika na kurudi katika vitu vilivyokiunda. Kinachorudi hivyo kilikuwa kimeundwa kwa sehemu, na chenye sehemu hugawanyika, na kinachogawanyika ni mwili. Kwa hiyo, kama akili ingesikia, akili ingekuwa mwili unaooza, jambo ambalo Descartes na wafuasi wake walikuwa wa kwanza kulikataa. Unaanza na mwiba mguuni na kwa hatua chache umefika kaburini. Katikati ya mnyororo huo Amo anachomeka kauli ambayo mimi hunifanya nisimame kila ninapoifikia: kuwepo na kuishi si jambo moja, kwani roho ipo na jiwe lipo, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachoweza kusemwa kuwa kinaishi. Tumezoea kudhani kwamba roho ndiyo yenye uhai hasa na mwili unaazimwa tu. Yeye anageuza: uhai ni wa mwili, wa damu inayozunguka, na akili ipo bila kuishi.

Hoja yake ya pili inaeleweka vizuri zaidi ukiwa umeketi kwenye baraza la nyumba ya Kiswahili. Sisi husema kuna milango mitano ya fahamu, na msemo huo unabeba ndani yake nadharia nzima: kwamba kuna mwenye nyumba ndani, na kwamba rangi, sauti na ladha ni wageni wanaopita mlangoni hadi alipo. Amo anauliza mgeni huyo ataingiaje. Anazitaja njia tatu ambazo kitu kimoja kinaweza kukiathiri kingine. Ya kwanza ni kupenya, kama maji yapitayo katikati ya chembe za mchanga. Lakini akili haina sehemu zenye nafasi katikati yake. Ya pili ni kugusana, uso kwa uso. Lakini akili haina uso. Ya tatu ni kushirikisha, pale sehemu au sifa za kitu kimoja zinapofika na kuwemo katika kingine. Lakini ili sifa za mwili zikae mahali, mahali hapo pawe na mwili wa kuzibeba. Kwa hiyo wageni wote wanabaki barazani. Mwenye nyumba yumo ndani na anafikiri, lakini hakuna aliyevuka kizingiti.

Descartes mwenyewe alikuwa amelikwepa jambo hili kwa makusudi. Katika kitabu chake cha 1641 alisema kwamba hatumo ndani ya miili yetu kama nahodha alivyo ndani ya chombo, kwa sababu nahodha huona tu kwamba ubao umepasuka, ilhali sisi, mwili ukijeruhiwa, tunaumwa. Amo, kwa namna fulani, ni mtu anayemrudisha nahodha chomboni na kusema kwamba maumivu ni ya mbao. Na sentensi ya Descartes anayoishika na kuipinga haikutoka kwenye vitabu maarufu, bali kwenye barua ya Mei 1643 iliyoandikwa kumjibu binti mfalme Elisabeth wa Bohemia, aliyekuwa amemuuliza inawezekanaje kitu kisicho mwili kiusukume mwili. Elisabeth naye alisahauliwa kwa muda mrefu kama msomaji tu wa mtu mkubwa. Amo anaongeza shtaka kwamba Descartes anajipinga, kwa sababu mahali pengine alisema asili ya akili ni kufikiri peke yake, na kufikiri ni tendo, si kutendwa.

Kwa nini watu walijali? Kwa sababu huko Halle suala hili lilikuwa pia la madaktari. Georg Ernst Stahl alifundisha kwamba roho ndiyo inayoendesha shughuli za mwili, na mwenzake Friedrich Hoffmann akafundisha kwamba mwili ni mtambo unaojiendesha kwa sheria zake. Aliyeamini la kwanza alitazama homa kama jitihada ya roho. Aliyeamini la pili alitazama majimaji na mishipa. Ukisema kusikia kote ni kwa mwili, umekwisha kuchagua upande wa kutibu.

Nadharia hii ina ufa, na kumheshimu Amo ni kuuonyesha. Ikiwa wageni wote wanabaki barazani, mwenye nyumba anapataje habari zao? Amo anasema kwamba akili, ikiwa imeungana na mwili, hutumia yale yaliyosikiwa na mwili kama chombo cha shughuli zake, na kwamba hutenda kwa kukusudia, ikijua inachokitaka. Lakini kutumia chombo bila kuguswa nacho kunahitaji maelezo ambayo tasnifu ile fupi haiyatoi vya kutosha. Amefunga mlango ambao Descartes aliuacha wazi, na kwa kufanya hivyo amejifungia ndani. Hata hivyo, watu wenye majina makubwa walijikwaa mahali hapohapo, na wachache walieleza kwa ufupi na usafi kiasi hicho kwa nini mlango ule ulikuwa tatizo.

Sasa turudi kwenye sifa zilizobaki. Profesa hakuwa, kwa maana ya mwenye kiti cha kudumu chuoni. Alikuwa mhadhiri aliyeruhusiwa kufundisha Halle na baadaye Jena. Hakuwa pia Mwafrika wa kwanza mwenye elimu ya vyuo vya Ulaya: Juan Latino alifundisha Granada katika karne ya 16, na Jacobus Capitein, aliyetoka pia Afrika Magharibi, alitetea huko Leiden mwaka 1742 hoja kwamba utumwa haupingani na uhuru wa Kikristo. Mfano wa Capitein ni mchungu, na unatukumbusha kwamba asili ya mtu haitoshi kutabiri hoja yake. Na sanamu ya 1965 iliyoko Halle, ambayo picha zake husambazwa kama sura ya Amo, inaonyesha mwanamume na mwanamke wa Afrika huru. Bamba lenye jina lake liliongezwa miaka kumi baadaye. Picha yake iliyochorwa enzi zake haijulikani.

Kuhusu ubaba wa falsafa ya Kiafrika, mvutano ni wa kweli. Kwame Nkrumah, Mnzema mwenzake aliyezaliwa Nkroful, si mbali na Axim, alimtumia katika kitabu chake cha 1964 kama mtu aliyefichua migongano ya falsafa inayodai kwamba kila kitu ni mawazo. Amo kweli alifichua mgongano, lakini aliamini kuwepo kwa roho isiyo mwili kwa ukali kuliko Descartes, na Nkrumah alihitaji kumsukuma kidogo ili aingie katika mpango wake. Paulin Hountondji wa Benin aliuliza swali gumu zaidi: mtu aliyeandika kwa Kilatini, kwa wasomaji wa Ulaya, akiwajibu watu wa Ulaya, kazi yake ni ya historia gani? Binafsi nadhani Hountondji alikuwa sahihi kuuliza, na kwamba jibu si aibu kwa yeyote. Augustino alizaliwa Afrika na akaandika kwa Kilatini. Mkuu wa chuo cha Wittenberg, Johann Gottfried Kraus, katika barua ya pongezi iliyoambatanishwa na tasnifu, alimtaja Augustino pamoja na Terentius na Tertullianus, waandishi wengine wa kale wenye asili ya Afrika, ili kuonyesha kwamba Afrika ilikuwa na desturi ndefu ya kutoa wasomi.

Wako wanaosema alisahauliwa kwa sababu ya rangi yake peke yake. Rangi ilihusika, lakini si hiyo tu: Kilatini kiliiacha nafasi yake kwa Kijerumani, mwanafalsafa Kant akaja na kufunika kizazi kizima, na wengi wa wenzake Amo wa Wittenberg leo hawatajwi na mtu. Pale ambapo rangi ilifanya kazi yake hasa ni katika namna alivyokumbukwa. Alipotajwa na Abbé Grégoire, padri wa Kifaransa, mwaka 1808, alitajwa katika orodha ya weusi wenye vipaji, kama kielelezo mahakamani cha kuthibitisha kwamba watu weusi wana akili. Alichokisema kuhusu akili yenyewe hakikuulizwa. Kwa sehemu kubwa bado tuko kwenye orodha ile, ingawa tangu 2020 kuna toleo jipya la tasnifu zake lenye tafsiri ya Kiingereza lililofanywa na Stephen Menn na Justin Smith, na anayetaka kuzisoma hana tena kisingizio cha Kilatini.

Kuna pia wanaoisoma nadharia yake kama faraja ya mtu aliyeteswa: mwili unaumia, akili haiguswi. Kishawishi ni kikubwa, lakini maandishi hayakitegemezi. Amo anazungumza kuhusu macho, damu na lishe, wala hamfariji mtu yeyote. Ludewig alifariki mwaka 1743, mwaka 1747 zikachapishwa tungo za kumdhihaki Amo kuhusu mapenzi, na muda mfupi baadaye akarudi Axim. Huko, mwaka 1753, alitembelewa na daktari wa meli aitwaye David Henri Gallandat, ambaye aliandika kwamba alimkuta akiishi peke yake, anajua lugha nyingi, anasifika kwa wenyeji kuwa mtabiri. Kwamba baba yake na dada yake walikuwa hai, safari ya siku nne kuelekea bara, na kwamba ndugu yake mmoja alikuwa mtumwa Suriname. Baadaye alihamia kwenye ngome ya Shama, ambako kaburi lake liko. Huyo Gallandat, ambaye macho yake ndiyo ya mwisho tuliyonayo kumtazama Amo, alichapisha mwaka 1769 mwongozo wa wafanyabiashara ya watumwa.